Kifaa Chini ya Ngozi na Haki ya Kukataa

Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu VeriChip, kifaa kidogo kama punje ya mchele, kitiwe kwa sindano chini ya ngozi ya mkono wa binadamu. Hakina betri, kikipigwa na mawimbi ya redio hutoa namba ya tarakimu 16, ambayo kwayo daktari aliweza kupata taarifa za mgonjwa. Nia yaonekana njema. Lakini mamlaka ileile ilitaja hatari: kifaa kuhama mahali pake, mwili kudhurika, siri kuvuja.

Mwaka 2007 magazeti yalifichua kwamba katika majaribio kadhaa baadhi ya panya waliotiwa vifaa vya namna hiyo walipata saratani palepale vilipokaa. Panya si mtu, na haki yatudai tuseme kwamba kwa binadamu jambo hilo halikuthibitishwa. Hata hivyo, mwaka huohuo ulitangazwa mpango wa kuwatia vifaa hivyo wagonjwa 200 wa Alzheimer huko Florida. Je, mzee asiyemtambua mwanawe aweza kuridhia nini?

California ilitunga sheria ya kukataza kumlazimisha mtu kutiwa kifaa hicho, na VeriChip iliacha kuuzwa mwaka 2010. Lakini mwaka 2017 kampuni moja ya Wisconsin iliwatia wafanyakazi wake vifaa vya kufungulia milango, kwa hiari yao. Hiari mbele ya mwajiri! Atakayekataa na apewe kadi, aingie mlango uleule, apokee mshahara uleule.