Kona ya Kompyuta: Ufunguo wa Nyumba Tuliyohama

Leo naanza na mama yangu.

Tulipohama kutoka Point kwenda Umbilo, ufunguo wa zamani ulibaki kwenye mkoba wake. Jioni moja, amechoka na kazi, miguu ikampeleka kulekule. Kitasa kilikuwa hakijabadilishwa. Mlango ukafunguka, akakuta watu wasiomjua wanakula. Anwani ileile, ufunguo umeingia, lakini nyumba si yetu tena.

Kielekezi katika lugha ya C ni anwani ya namna hiyo. Kwa malloc unapewa sehemu ya kumbukumbu. Kwa free unairudisha. Lakini free haifuti anwani iliyomo ndani ya kielekezi. Ukiitumia tena, huenda ukakuta data yako bado ipo, kwa sababu mpangaji mpya hajaingia. Ndiyo maana zoezi langu lilitoa majibu sahihi chumbani kwangu wiki nzima, kisha likaanguka mbele ya msahihishaji. Nilipoteza nusu ya alama.

Siku hizi naandika hivi:

gcc -g -Wall -Wextra -fsanitize=address zoezi.c -o zoezi

-Wall na -Wextra huifanya kompaila itoe maonyo inaposoma msimbo, kabla programu haijaendeshwa. -fsanitize=address huweka mlinzi ndani ya programu yenyewe. Kila unapogusa kumbukumbu, anakagua kama bado ni yako. Sehemu uliyoirudisha haigawi upya mara moja, ili akunase ukiigusa. Akikunasa, anasimamisha programu na kuonyesha mahali ulipoigusa, ulipoiachia na ulipopewa. -g ndiyo inayokupa namba za mistari.

Mlinzi huyu alibuniwa na wahandisi wa Google, na yumo ndani ya GCC tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013. Ana gharama: programu huenda polepole, kama mara mbili hivi, na hula kumbukumbu zaidi. Basi mtumie wakati wa majaribio. Tena huona njia zilizopitwa tu, kwa hiyo ijaribu programu kwa data za kila aina.

Mama hajui C. Nilipomsomea ripoti ya kosa langu, akacheka: "Kumbe huyo angenizuia mlangoni!"

Mwenye zoezi linaloanguka alete kompyuta yake tukikutana.