Kigae cha Mgeni na Chungu cha Mwenyeji

Majuzi nilikuwa Malaba, mpakani na Uganda, nikiyatazama malori yaliyotoka bandarini kwetu Mombasa yakingoja zamu ya kuvuka. Kutoka hapo nikashuka Busia. Sokoni nikakuta mitungi ya plastiki iliyokwisha mafuta ya kupikia ikiuzwa kuwa ya kutekea maji, na kando yake mama mmoja amepanga vyungu vyake vya udongo. Nikajiuliza: baada ya miaka elfu, mchimbaji akikiona kipande cha mtungi ule, chenye jina la Mombasa ubavuni, atasema Busia ulikuwa mji wa Wamombasa?

Usicheke, ndugu msomaji. Sisi wa pwani tumesemwa hivyo hivyo, na baadhi yetu tumeitikia.

Wataalamu wa mambo ya kale huitambua mitungi ya Warumi, iitwayo amfora, kwa umbo la mdomo na vipini, na kwa rangi na chembe za udongo wake. Iko iliyotoka Gaza na divai, na iliyotoka Kupro. Iko pia iliyochomwa katika matanuri ya Ayla, ndiyo Akaba ya leo. Vigae vya mitungi hiyo vimeonekana Aksum na bandari yake Adulis, na Zafar huko Yemen. Ndiyo Yemen ya Abraha na Habasha ya Najashi tulizosomeshwa chuoni. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kuwa Wahabashi walikuwa watu wa Ayla. Mtungi ulisafiri, aliyeununua alikuwa kwao.

Tuje kwetu. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, tangu 1980 hadi 1988. Vilipatikana vigae ving'aavyo vya mitungi ya Ghuba, navyo ndivyo vivutiavyo macho. Lakini sehemu kubwa kabisa ilikuwa ya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Kigae cha mgeni hutwambia tulifanya biashara na nani. Chungu cha mwenyeji hutwambia nani aliyekuwa akipika.

Na bara ni vivyo hivyo. Kusini ya Busia, huko Siaya, ipo Urewe, iliyovipa jina vyungu vyenye kibonyeo kitakoni ambavyo Mary Leakey na wenzake walivieleza mwaka 1948. Amfora zilipokuwa zikivuka Bahari ya Sham, wafinyanzi wa pande hizi za ziwa walikuwa kazini zamani.

Basi rai yangu ni hii. Ukichimba msingi au kisima ukakuta vigae, usikiokote king'aacho ukakitupa cheusi. Viache vyote mahali pake, uwaite watu wa Makumbusho, kwani mahali kilipolala kigae ni nusu ya habari yake. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee.

Nilinunua chungu kwa yule mama. Hakina jina ubavuni, lakini udongo wake ni wa Busia, na ajuaye kusoma udongo ataujua.