Kiswahili Si Karatasi ya Tatu

Kuna swali nimechoka kulisikia kutoka kwa watu wanaojiita wasomaji: "Mi ningesoma Kiswahili, lakini kwani kuna vitabu?" Anayeliuliza huwa amebeba riwaya ya kurasa 600 yenye joka kwenye jalada, na cheti chake cha KCSE kinasema Kiswahili alipata A. Lugha anaijua. Ni vile tu alimalizana nayo siku alipotoka kwenye chumba cha mtihani.

Mwaka huu nimesoma fantasia, riwaya ya kihistoria na vitabu vya historia yenyewe, na kila rafu imenipa jibu tofauti. Kwenye fantasia, vitabu vipo ila tumevizika. Kwenye riwaya ya kihistoria, kimoja kimefika, kimechelewa sana. Kwenye historia, huyo msee ana haki ya kulalamika, ila lawama anaipeleka kwa lugha, na lugha haina kosa.

Tuanze na majoka. Sina ugomvi nayo. Nimesoma Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James, iliyotoka 2019, na nilikesha nayo. Mjamaika huyu amechukua misitu, mizimu na falme za Afrika ya kale akajenga dunia chafu, yenye damu, isiyokubembeleza. Tracker, mwenye pua ya kufuata harufu ya mtu hadi aliko, sitamsahau. Kilichonikera ni maneno ya mtaani baadaye, ati hatimaye Mwafrika amepata hadithi za ajabu za kwake. Hatimaye? Kwani Walenisi ilikuwa nini?

Katama Mkangi aliitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo. Adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa huko, basi. Badala ya kukaa akingoja kufa, Dzombo anasoma maagizo yaliyomo ndani, anajifunza kukiendesha, na anatua kwenye nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Vunja jina la nchi hiyo uone: wale ni sisi. Sasa kumbuka kwamba mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986, enzi za Moi. Mtu aliyefungiwa na serikali anaandika kuhusu mtu aliyefungiwa na serikali, ambaye anaponea kwa sababu alijisumbua kusoma. Mniambie ni joka gani linashinda hiyo stori.

Kina kasoro? Kinazo. Dzombo akishatua, kitabu kinaanza kuhubiri. Wenyeji wanamfafanulia mambo mpaka unatamani mmoja wao amwibie mwenzake kuku, angalau tuone wanavyogombana. Lakini hiyo ni kasoro ya kujadiliwa na wasomaji, vile tunavyojadili kasoro za vitabu vingine vyote. Nani anaijadili?

Au chukua Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002. Msimulizi anazunguka dunia, bara baada ya bara, akimsaka kiumbe anayeitwa P.P., yaani Peter Pan, yule mtoto asiyekua. Anapita Ulaya yenye mizuka ya vita, anapita Asia iliyopigwa bomu. Ni kama ndoto ya mtu mwenye homa. Haikuelezi, haikungoji. Mtoto mkubwa asiyetaka kukua na dunia nzima ni mwanasesere wake: ukikisoma leo utadhani kiliandikwa wiki jana.

Vitabu hivi havijulikani kwa sababu ya mahali tunapokutana navyo. Ingia duka lolote la vitabu mjini. Joka liko dirishani. Bina-Adamu! ukiikuta, iko huko nyuma, katikati ya atlasi na vitabu vya marudio. Na shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Riwaya ya Kiswahili tulikutana nayo kama setibuku, ama kwa lugha ya mwalimu, kitabu teule. Swali la kwanza tuliloulizwa kuihusu lilikuwa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Nani anamwambia nani, wapi, kwa nini. Kisha tamathali ya usemi, alama 2. Wengi walinunua mwongozo kabla ya riwaya, na kuna wasee nilisoma nao ambao riwaya yenyewe hawakuifungua kabisa, na walipita vizuri tu.

Hebu fikiria ungekutana na Harry Potter hivyo. Jadili maudhui ya ukoloni mamboleo katika shule ya wachawi, alama 20. Ungekuwa unanunua fulana yake leo?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii na hakuna karatasi inayoningoja. Pengine ndiyo maana nilirudi kwa Kiswahili bila hofu: hakuna mtu angenisahihisha. Nikagundua Karatasi ya Tatu ilikuwa imetuibia kitu. Ilitufundisha kwamba Kiswahili ni lugha ya kujibu maswali, na Kiingereza ni lugha ya kuyauliza.

Sasa riwaya ya kihistoria. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na Kiswahili ndicho alichonyonya nacho. Paradise aliitoa 1994, kwa Kiingereza. Ni habari za Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayetolewa na babake awe rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa ajili ya deni, wakati Wajerumani wanaingia Tanganyika. Kila mtu humo ndani anaongea Kiswahili, ila mwenye Kiswahili pekee hangeweza kukisoma. Tafsiri, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, ilitoka 2022. Hesabu mwenyewe. Miaka 28, na kati yake ilibidi Nobel ya 2021 ije kwanza.

Nimezisoma zote mbili. Kwa Kiingereza, wahusika wale ni kama wageni wanaojieleza sebuleni kwa mtu. Kwa Kiswahili wako kwao, hawana haja ya kujieleza. Neno kama rehani halihitaji kusindikizwa na maelezo, ukilisikia tu tumbo linakaza. Na kitabu chenyewe hakibembelezi mtu. Sisi wa bara tunapenda Pwani ya kadi ya posta: jahazi, halua, milango ya kuchongwa. Gurnah anakuonyesha msafara wa biashara unaoendeshwa na deni, na watoto ndio malipo. Mjerumani anapofika, anakuta ukatili ulishafika kabla yake, na analeta mwingine mkubwa zaidi. Hicho ndicho kitabu kilichopaswa kubishaniwa Mombasa, Kayole na Tanga kwa hii miaka yote. Kilibishaniwa London.

Lakini hasira yangu kubwa nimeiweka kwa rafu ya tatu.

Nilisoma vitabu viwili kuhusu hali ya hatari, vyote vya 2005: Britain's Gulag cha Caroline Elkins, na Histories of the Hanged cha David Anderson. Mimi namwamini Anderson zaidi. Anafuata rekodi za kesi moja moja za watu 1,090 walionyongwa, na hafichi mauaji ya Lari ya Machi 1953 ili Mau Mau watoke wasafi. Elkins ana moto, na moto wake una sababu, ila makadirio yake ya waliokufa yalipingwa. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu, John Blacker, alikadiria vifo vya ziada kuwa karibu 50,000, na zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka 10. Hata hivyo, bila Elkins kuketi na mamia ya wazee na kuwasikiliza, sijui kama kesi ya London ingefika ilikofika. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Shosho wangu alikuwa mtoto kwenye vile vijiji. Watu zaidi ya milioni moja walisombwa kutoka mashambani mwao wakafungiwa kwenye vijiji zaidi ya 800, vyenye mitaro na kafyu. Kikuyu changu ni cha Eastlands, kimekatika katikati, kwa hivyo mimi na yeye tunaongelea Kiswahili. Nilimsomea Elkins jikoni kwake, nikitafsiri papo hapo, nikijikwaa kila sentensi. Aliendelea kumenya viazi. Nilipofika kwa ile hesabu ya watoto, aliweka kisu chini akasema wadogo zake wawili walifia mle kijijini, na kwamba hakuna mtu aliwahi kuja kuwahesabu.

Kisha akaniuliza, "Mzee wangu," kwa sababu nina jina la mumewe, "huyo mama mwandishi aliongea na nani?"

"Na watu kama wewe, shosho."

"Na wao walipewa wasome?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nimezunguka maduka ya Nairobi na sijaona hata kimoja cha vitabu hivyo viwili kwa Kiswahili. Na si kwamba haiwezekani. J. M. Kariuki alitoa Mau Mau Detainee mwaka 1963, kuhusu miaka yake saba kwenye kambi za kizuizini, na kufikia 1965 kulikuwa na Mau Mau Kizuizini, kwa Kiswahili. Miaka miwili. Nchi changa, pesa kidogo, na bado kuna mtu aliona kwamba makanga na mkulima wana haki ya kusoma yaliyowapata. Leo tuna wachapishaji matajiri na shule elfu kwa elfu, na shosho anasubiri mjukuu asiye na digrii amtafsirie jikoni.

Wachapishaji watasema hakuna soko. Soko la setibuku lilitoka mbinguni? Lilitengenezwa. Mtaala ulisema mtoto lazima anunue, na mzazi akanunua. Wameizoea pesa hiyo ya lazima mpaka wamesahau kumtongoza msomaji.

Wengine watasema vijana wa Sheng hawawezi Kiswahili sanifu. Vijana hao hao wanasoma Kiingereza cha majoka chenye ramani na kamusi mwishoni, na hawalalamiki.

Na sisi tunaojiita wanaharakati wa vitabu tusijifiche. Mwaka 1986, kwenye Decolonising the Mind, Ngũgĩ alitangaza kwamba baada ya hapo ataandika kwa Gĩkũyũ na Kiswahili. Karibu miaka 40 baadaye tunamnukuu kwa Kiingereza, kwenye makongamano ya Kiingereza, tukipigiana makofi. Vilabu vyetu vya vitabu Nairobi vinaweza kumaliza mwaka mzima bila kitabu kimoja cha Kiswahili, na hakuna anayeshtuka.

Ninachotaka si kikubwa. Mwenye duka, toa Walenisi huko nyuma uiweke karibu na joka. Mchapishaji, chagua kitabu kimoja cha historia ya nchi hii kila mwaka ukilete kwa Kiswahili, bila maswali ya marudio mwishoni. Klabu ya vitabu, kila kitabu cha tatu kiwe cha Kiswahili, na mgombane kukihusu. Nawe uliyepata A, nunua kimoja ambacho hakuna mtu atakutahini.

Mkichelewa, shosho yangu ana miaka zaidi ya 80. Waliosimulia wanazidi kupungua, na mimi bado nina sura kumi za kumsomea.