MSHUMAA UKAE NDANI YA MKEBE

Nina neno moja, na nalisema hasa kwa sisi wanafunzi wa kutwa. Mwenzetu wa bweni jioni anaingia darasani lenye taa. Sisi tunafika nyumbani, giza linaingia, na kazi ya mwalimu bado iko mkobani.

Muhula uliopita nilisimamisha mshumaa juu ya kifuniko cha kopo. Joto la hapa Kerio mnalijua: mshumaa ulikuwa umelainika tangu mchana. Ulipinda, ukaanguka, ukala daftari langu la Kemia. Mama akasema, "Sitaki kuona mshumaa tena hapa!" Nilikaa majuma mawili bila kusoma usiku.

Lakini Kemia hiyo hiyo ndiyo iliyonipa jibu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, watu hutengeneza mishumaa kwa nta ya soya. Mafuta ya soya hutiwa haidrojeni, yakaganda. Nta hiyo ni laini, huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, kwa hivyo humiminwa ndani ya chombo. Sisi hapa nta ya soya hatuna, lakini mikebe tunayo tele!

Mimi hukusanya vipande vya mishumaa, navitia kwenye mkebe mkavu, na mkebe nauweka ndani ya sufuria ya maji moto. Siuweki jikoni moja kwa moja, maana nta ikizidi moto huwaka. Ikiwaka, usithubutu kumwagia maji, funika tu. Utambi ni uzi wa pamba, si nailoni. Naufunga kwenye kijiti kilicholala juu ya mkebe mwingine ili usimame katikati. Namimina, naacha igande hadi asubuhi.

Wengine watasema, "Si kuna taa za sola siku hizi?" Ni kweli, na zinashinda mshumaa. Lakini kwetu taa ni moja, na mama anaihitaji apike. Nani atamnyang'anya?

Mama amekubali, kwa sharti: mkebe ukae juu ya jiwe, mbali na watoto, na nisilale ukiwaka.

Maoni yangu ni kwamba chama chetu kikusanye vipande, na walimu wa sayansi watufundishe kazi hii siku moja katika maabara. Mwakani ni K.C.S.E., na mtihani hauulizi nani alikuwa na stima. Haba na haba hujaza kibaba.