Wageni wa Agosti Tuwape Jembe
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii sote tumeikariri tangu shule ya msingi, na ikija katika mtihani tunaiandikia insha ya kurasa mbili na kupewa alama. Lakini ikifika zamu ya kuitumia tunaisahau. Mgeni anakuja na jembe lake kutoka kwao, anatuonyesha mahali anapotaka kulima, nasi tunasimama kando tukimpigia makofi. Hapo ndipo nina neno, na naomba mnivumilie nilitoe.

Ninazungumza juu ya wale vijana wa kanisa wanaokuja huku kwetu kila likizo ya Agosti kutoka Nairobi, kwa kile wanachokiita safari ya huduma. Nyote mnawajua. Basi lao husikika kwa nyimbo kabla halijaonekana. Wana fulana za rangi moja zilizoandikwa jina la kijiji chetu kifuani (mwaka mmoja herufi moja ilikosewa, tukacheka mpaka machozi), wana kinanda, wana vipaza sauti, na wana roho safi. Hapo sitanii hata kidogo. Wengi wao ni wanafunzi kama sisi. Wanachanga pesa mwaka mzima, kisha badala ya kustarehe mjini wanakuja kulala juu ya mabenchi ya kanisa na kula muthokoi siku nne bila kunung'unika. Atakayesema kwamba ni watu wabaya si muungwana, na mimi simo. Ninalosema ni kwamba kazi wanayokuja kuifanya wanaichagua wenyewe huko Nairobi, na sisi wenyeji tunaogopa kuwaambia lolote.

Chukueni mfano wa miti. Agosti iliyopita walileta miche mia mbili ya migrevilea. Asubuhi moja walichimba mashimo kandokando ya uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na kanisa, wakapanda, kila mmoja akapigwa picha na mche wake, wakaimba, wakaomba. Kufikia saa nane kazi imekwisha. Kila mtu alifurahi isipokuwa nyanya yangu, ambaye alisimama pale mkono kiunoni, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kwa hawa watoto mvua hunyesha Agosti?"

Nyanya hakuona mlango wa darasa, lakini swali lake lilitosha. Hapa Ukambani tuna misimu miwili ya mvua. Kuna ile ya Machi hadi Mei, ambayo inaitwa ndefu lakini mara nyingi hutuhadaa, na kuna ile ya Oktoba hadi Desemba, inayoitwa fupi, nayo ndiyo tunayoitegemea zaidi kwa mahindi, kunde na ndengu. Katikati, kuanzia Juni mpaka Septemba, ni ukavu mtupu. Agosti asubuhi kunakuwa na mawingu na kibaridi, na mtu asiyeijua nchi hii anaweza kudhani mvua iko njiani. Wapi! Mawingu hayo huondoka kabla ya saa sita, na mche uliopandwa wakati huo unangoja miezi miwili na zaidi kabla ya kuona tone la kwanza.

Sasa katika miezi hiyo nani anaumwagilia? Wageni walikwisha kuondoka Jumapili. Shule zilipofunguliwa, watoto wa shule ile waliambiwa kila mmoja alete lita tano za maji mara mbili kwa juma. Maji yenyewe hayatoki katika mfereji. Yanatoka mtoni, katika visima tunavyovifukua mchangani, na kutoka nyumbani kwetu ni karibu saa moja kwenda na kurudi, foleni hujaihesabu. Ndugu yangu mdogo alikuwa mmoja wa hao wabebaji. Jioni anarudi, mama anauliza maji ya kuoshea vyombo, hakuna, mche wa mgeni umekunywa. Mbuzi nao wakafanya yao. Mvua ya Novemba ilipoanza nilipita uwanjani nikihesabu, na miche iliyokuwa hai haikufika ishirini. Wageni hawana habari hiyo mpaka leo, maana hakuna aliyewaandikia. Huko kwao bado ni miti mia mbili.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alilijua jambo hili zamani. Alipolianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977, akina mama waliopanda miti walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche ulioshika na kukua. Ukitia mche shimoni na kwenda zako, hupati kitu. Na hata serikali ilipotangaza Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili Wakenya wote wapande miti, ilichagua mwezi wa mvua. Siku nyingine kama hiyo ilikuwa tarehe 10 Mei 2024, mvua bado iko. Hakuna aliyetuita Agosti.

Kwa nini basi wao huja Agosti? Jibu ni rahisi: ndipo shule zimefungwa. Na wala si vijana wa Nairobi peke yao. Huko Marekani shule hufungwa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi chao, na ndiyo sababu vikundi vya vijana wa makanisa ya huko vikija Kenya kwa huduma huonekana miezi hiyo hiyo. Likizo yao ndiyo inayoamua, na mvua yetu haiulizwi. Siwalaumu kwa hilo. Ni mwalimu mkuu gani atakayemwachilia mwanafunzi Novemba, wakati wa KCSE, ati aende Ukambani kupanda miti? Miezi haiwezi kubadilika. Kazi ndiyo inayoweza.

Na kazi za Agosti hapa kwetu ni tele! Mavuno yamekwisha, mashamba yako wazi, ardhi inangoja. Huu ndio wakati wa kuchimba mitaro ya fanya juu. Kwa wasioijua, (najua wapo, hata katika chama hiki), unachimba mtaro ukifuata usawa wa mlima, na udongo unaurusha upande wa juu mpaka utengeneze ukingo. Mvua ikija, maji hayakimbii na udongo wako kwenda kwa jirani. Ukingoni unapanda nyasi za ng'ombe. Ni kazi ya sururu na jasho, haina picha nzuri, na mama mjane mwenye shamba la mteremko anaweza kukaa miaka mitatu hajaimaliza peke yake.

Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza juu ya kitabu kilichotoka mwaka wa 1994, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, juu ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka 1992. Watafiti hao walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko wa udongo ulipungua badala ya kuzidi. Sababu moja kubwa ilikuwa mitaro hii. Wakoloni waliwahi kuwalazimisha watu kuichimba na watu wakaichukia. Baadaye watu waliichimba kwa hiari yao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaokusanyika leo kwako, kesho kwangu. Katika vikundi hivyo akina mama ndio wengi. Kwa hiyo mtu asije kudhani kwamba sisi tumekaa chini ya mwembe tukingoja basi litoke Nairobi.

Kuna pia mabwawa ya mchanga. Hili ndilo ninalolitamani zaidi, labda kwa sababu mimi ndiye ninayebeba mtungi. Mito yetu hutiririka siku chache tu za mvua, halafu inabaki barabara ya mchanga. Watu hujenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, ukikita juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya mchanga huo, mahali ambapo jua haliyafikii. Kiangazi unafukua kidogo tu na unateka. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa mwaka wa 1978 na marehemu Joshua Mukusya na majirani zake, kilijenga mabwawa ya namna hii hapa hapa Ukambani, na watu wa nchi nyingine wamekuja kujifunza. Ukuta kama huo haujengwi Novemba, utasombwa. Hujengwa mto ukiwa mkavu. Yaani Agosti!

Sisemi vijana wa kanisa waje kujenga ukuta kwa akili zao, la hasha. Ukuta usiposhika mwamba sawasawa, maji hupita chini yake na kazi yote inakuwa bure. Fundi tunaye, ni mtu wa hapa na ameshajenga. Kinachotusumbua ni mawe. Mawe yako juu mlimani, mto uko bonde, na mikono ya mwethya ni ile ile iliyochoka. Vijana hamsini wenye nguvu, siku nne, wakibeba mawe na kuchota mchanga kwa karai chini ya fundi wetu, huo ni msaada ambao hata nyanya angeushangilia.

Nilipoyataja haya baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa letu alinijibu kwa upole, "Mwanangu, anayepewa hachagui. Ukimpa mgeni masharti, mwaka kesho hatakuja." Namheshimu sana mzee huyu, ni rafiki ya babu yangu. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Wageni wakiwa hapa, mama yangu na wenzake huacha kazi zao siku nne nzima wapike. Kuku wanachinjwa. Kuni zinatafutwa, maji ya kuoga watu hamsini yanabebwa, na mnajua ni nani huyabeba. Kwa hiyo na sisi tunatoa. Tusijiweke kama ombaomba katika nyumba yetu wenyewe, wakati sufuria iliyo motoni ni yetu. Mtu anayekulisha ana haki ya kukwambia, "Leo, ndugu yangu, tunakwenda mtoni."

Na tena wao wenyewe hupenda kuambiwa. Nina ushahidi. Siku ile ile ya miti, jioni, sisi wanne wa Kidato cha Tatu tulimwendea dada mmoja katika kikundi chao, anayesoma uhandisi chuo kikuu, tukamwomba atueleze hesabu za moli katika Kemia. Somo hili lilikuwa limetushinda kabisa, na sisi wa shule ya kutwa hatuna masomo ya jioni, ukifika nyumbani ni ng'ombe na jiko. Dada yule aliketi nasi kanisani akichora kwa chaki sakafuni mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Alituambia hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu chochote katika safari tatu alizokuja. Tatu! Kila mwaka hupewa brashi au mche na kuambiwa simama hapa. Mimi na wenzangu sasa tunajua moli, na mtihani wa mwisho wa muhula ulionyesha hivyo.

Basi vijana wa kanisa letu tumeamua kuandika barua kwa kamati yao mapema Januari, kabla hawajachapisha fulana. Mchungaji amesema ataisoma kwanza na akiona ina adabu atatia sahihi. Tunawaandikia kwamba tunawataka, na wasiache kuja. Tunawaomba walete viatu vya zamani na glavu, na wale wa chuo kikuu walete vitabu vyao vya sekondari kama bado wanavyo. Miche wasilete. Pesa ya miche, kama ipo, waitume Oktoba kwa akina mama wa kitalu cha hapa kijijini, nasi tutaipanda mvua ikishika, kisha Agosti wakija tutawapeleka wahesabu wenyewe iliyo hai.

Wenzangu wawili wanaona barua ni kali kidogo, hasa pale penye mbuzi. Pengine tutapapunguza. Mto wetu hukauka kufikia mwisho wa Juni. Fundi ameshaupima mwamba upande wa chini wa kivuko, na rundo la kwanza la mawe tulilishusha Jumamosi iliyopita.