Maua Yetu Yaenda Ulaya, Sisi Je?

Naandika kutoka hapa Githongo, penye umande, majani chai na baridi ya asubuhi inayokufanya uogope maji ya kunawa. Wahenga walinena kuwa tembea uone. Mimi nilitembea, nikaona, na tangu siku hiyo kuna jambo lililokataa kabisa kunitoka akilini. Ndilo lililonishikisha kalamu.

Likizo ya Agosti nilienda Nairobi kwa mjomba. Siku moja akanipeleka bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Tulipofika langoni nikamwuliza, "Mjomba, tutalipa pesa ngapi?" Akacheka hadi machozi yakamtoka. Ati hulipi! Unaingia tu, unakaa. Niliona makarani wakila mayai ya kuchemsha, mhubiri akipaza sauti, na mzee mmoja amelala fofofo kajifunika gazeti usoni. Hakuna aliyemfukuza.

Mjomba alinieleza kuwa bustani ile ni zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa watu wa Nairobi, na ilianza mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari pale. Mjukuu wake, Zarina Patel, akapinga, wananchi wakamuunga mkono, mpango ukafa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka wa 1989, Profesa Wangari Maathai naye alipinga jumba la orofa 60 lililotaka kuimeza Uhuru Park. Kumbe bustani hupiganiwa kama shamba la urithi!

Wakati wa kurudi, matatu yetu ilipitia Nanyuki na Timau. Mwenye macho haambiwi tazama. Kando ya barabara kuna nyumba nyeupe za nailoni, na ndani yake ni mawaridi tu. Dada yangu mkubwa ameajiriwa katika shamba mojawapo. Anayapanga kwa urefu wa shina, anayafunga, kisha yanapakiwa kwenye magari ya baridi hadi uwanja wa ndege Nairobi, yapae kwenda Uholanzi. Februari inapokaribia, siku ile ya wapendanao, hata usingizi hapati. Anarudi nyumbani na mikwaruzo ya miba vidoleni. Siku moja Mama alimtania, "Hata moja hukutuletea?" Dada akajibu kuwa ukishikwa nalo langoni, kazi imekwisha.

Sasa nauliza, maua haya ni ya nani? Udongo ni wetu, maji ni ya mlima wetu, mikono ni ya dada zetu. Lakini mtu wa Githongo akitaka kukaa mahali penye maua, aende wapi?

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa ndio tunaoumia zaidi. Nyumbani kwetu kuna meza moja, na saa za jioni ni ya sufuria. Nikitaka kusoma saa moja hivi kabla ya giza, nitakaa wapi? Hotelini lazima ununue chai. Stendi kuna kelele za bodaboda, tena msichana akisimama pale dakika tano, kesho yake mtaa mzima una habari. Pamebaki ngazi za kanisa tu, na mvua ikinyesha hata hizo hazikaliki.

Karibu na soko kuna kiwanja kidogo cha umma. Mama anasema zamani kilikuwa na nyasi, na akina mama walipumzikia pale baada ya kuuza ndizi. Leo ni jaa la takataka, na kuna fununu kuwa kitagawanywa kiwe vibanda. Mimi napendekeza kiwe bustani.

Najua kuna watakaonicheka. Baba mwenyewe aliniambia, "Ua halijazi sufuria." Ni kweli, Baba. Lakini hata uwanja wa mpira haujazi sufuria, na sijasikia mtu akitaka ulimwe viazi. Wengine watasema pesa ziko wapi. Jamani, pitia nyumba yoyote hapa kwetu uone. Mlangoni kuna maua kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Kila mama akitoa vipandikizi viwili tu, na sisi wanafunzi tulete majembe Jumamosi moja mvua ikianza, kiwanja kitajaa. Viti tutatengeneza kwa magogo. Ila jambo moja hatuliwezi, nalo ni karatasi. Wazee wetu na viongozi wa kaunti wahakikishe kuwa kiwanja kimeandikishwa kama mali ya umma, la sivyo tutapanda maua leo na kesho tuamke tukute ukuta.

Wenzetu wa Nairobi waliitetea bustani iliyokuwapo tayari. Sisi tutatetea nini ikiwa hatujapanda hata ua moja? Haba na haba hujaza kibaba. Bustani hiyo ikiwa tayari, wa kwanza kumkaribisha atakuwa dada yangu. Atakaa, atachuma waridi moja, na hakuna atakayempekua langoni.