Goti halikuwamo kwenye bajeti (Sehemu ya 7)

Leo naweka kando chanjo na uji wa lishe. Nataka tuongee kuhusu ngoma na fedha za ngoma. Msinicheke, someni mpaka mwisho.

Nilikuwa zamu ya usiku huku Mlimba. Treni ya TAZARA ilipoingia, bodaboda akatuletea binti wa miaka 22, goti limevimba kama papai. Tukampa dawa ya maumivu, asubuhi akapigwa eksirei. Mfupa ulikuwa mzima, ila daktari alihisi kano ya ndani imechanika, akamwandikia rufaa ya Ifakara. Na Ifakara hiyohiyo alikuwa ameipita na treni usiku akija kwa mama yake.

Amenipa ruhusa nisimulie bila jina. Binti anacheza dansi ya kisasa. Siyo ile ya nyuma ya msanii kwenye video za bongofleva. Hii wanachukua miondoko ya ngoma zetu, wanaichanganya na mingine, wanasimulia jambo kwa mwili, wakati mwingine bila hata wimbo. Aliitwa Dar kwenye mradi wa wachezaji wa hapa na wageni kutoka Ulaya, uliolipiwa kwa ruzuku. Wiki ya pili ya mazoezi akaanguka. Akapewa nauli na vidonge. Onyesho likafanyika, picha zikapigwa, wageni wakaondoka.

Mama yake alisema palepale wodini, "Si nilimwambia ngoma haina pesa?"

Mama, hapo naomba tupingane kwa heshima. Pesa ilikuwepo. Ilikuwa na tiketi za ndege, hoteli, taa za jukwaa, mpiga picha. Kilichokosekana ni goti la mwanao. Hakuna aliyeliandika kwenye bajeti.

Najua wengine mnasema: hospitali zina upungufu wa kila kitu, wewe nesi unatetea wafadhili wa dansi? Jamani, fedha ya sanaa tukiikataa haigeuki kuwa glovu. Inaenda kwa wachezaji wa nchi nyingine. Na hizi ruzuku zimejenga vitu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, kilisaidiwa na Sweden kwa miaka mingi, na vijana wengi wa ngoma na maigizo wamepita pale. Mwaka 1997 pale Nairobi, Mkenya Opiyo Okach, Mkongo Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la dansi ya kisasa, Gàara. Linyekula baadaye akarudi Kongo, mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako. Kazi zake zinachezwa Ulaya, lakini kituo chake kiko Kisangani, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, na vijana wa pale wanajifunza kazi humo. Kwa hiyo ushirikiano na wageni siyo ubaya. Swali ni nini kinabaki wakishaondoka.

Na sisi watu wa bonde la Kilombero swali hilo tunalijua kuliko wengi. Miaka ya 1950 Waswisi walifungua maabara ndogo Ifakara kuchunguza magonjwa ya huku. Leo ni Ifakara Health Institute, taasisi ya Kitanzania, bado inapata fedha za nje na bado inafanya kazi na wageni. Mtafiti akija nyumbani kwako, hagusi kidole cha mtoto kabla hujasoma au kusomewa fomu ya ridhaa. Inaeleza utafiti ni wa nini, una hatari gani, mtoto akidhurika anatibiwa na nani, na kwamba unaweza kujitoa muda wowote. Wengi wenu mmeshaziweka saini.

Sasa niambieni, kwa nini tone la damu liwe na karatasi, halafu mwili mzima unaoruka na kuanguka miezi mitatu usiwe nayo?

Maoni yangu ni haya: ruzuku yoyote ya dansi inayowaunganisha wachezaji wetu na wageni iwe na mkataba wa Kiswahili, na matibabu yawe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Siyo msaada wa huruma mtu akishaumia.

Wenye vikundi huwa wananijibu, "Nesi, tukidai mengi mfadhili atakimbia." Sikubali. Anayeomba ruzuku hujaza jedwali la bajeti kabla fedha haijatoka. Aliyeweza kuandika hoteli anaweza kuandika bima. Mfadhili akikataa bima ya mchezaji, ni bora mjue mapema kabla ya kupanda treni.

Mwanao au mdogo wako akiitwa kwenye mradi wa namna hii, usianze na "hapana". Kaeni chini muulize:

1. Nani anashika fedha, kikundi cha hapa au cha kule? Na mchezaji wetu analipwa kiasi gani kwa siku, mazoezi yakiwemo?

2. Akiumia, nani analipa eksirei, rufaa na fiziotherapia? Kano ya goti ikichanika, kupona ni miezi, siyo wiki. Je, atalipwa akiwa amelala?

3. Kama ana mtoto anayenyonya, nauli na chakula cha mlezi viko wapi? Tunawaambia kliniki maziwa ya mama pekee miezi sita, halafu mradi unamtaka mama peke yake wiki tatu. Hivyo viwili havikai pamoja.

4. Kazi ikichezwa tena Ulaya mwaka kesho, yeye anaitwa au miondoko yake inachezwa na mwingine?

5. Kikundi kimesajiliwa BASATA? Na kama binti au kijana hajafika miaka 18, kisheria ni mtoto. Mzazi ndiye anasaini, tena baada ya kuelewa.

Mwenye mradi wa kweli hatakasirikia maswali haya. Anayekasirika amekusaidia, umemjua.

Nawaomba pia tuache kuwaambia watoto kwamba ngoma si kazi. Mtoto aliyeambiwa hivyo akienda kucheza anaenda kwa kujificha, na anayejificha haulizi mkataba. Binti wangu wa wodini aliniambia aliogopa hata kupiga simu nyumbani alipoanguka, maana angesikia "nilikwambia". Akakaa na goti lile siku tano kabla ya kupanda treni. Siku tano, mama zangu.

Sasa hivi anatembea kwa magongo. Mama yake ndiye anayempeleka Ifakara kwenye mazoezi, na kila wakirudi analalamika nauli. Juzi alinisimamisha sokoni, akaniuliza ile fomu ya maswali nimeiandika wapi. Nimemwandikia kwenye daftari. Safari ijayo binti akiitwa, karatasi wataisoma wawili.

Sehemu ya 8 tunarudi kwenye homa za usiku za watoto. Mlale salama.